Leseni Tatu na Kijitabu Chekundu

Tumeonelea mwezi huu tuandike juu ya jambo ambalo kila familia ya kwetu hukutana nalo mara tu inapotua katika nchi hii, nalo ni leseni ya kuendeshea gari. Kila wanapofika wageni wapya, baada ya kuuliza msikiti uko wapi na nyama ya halali inauzwa wapi, swali la tatu huwa ni hili: "Leseni yangu niliyokuja nayo, je, itafaa hapa?" Sisi tumelijibu swali hili mara nyingi, kwa simu, mlangoni baada ya sala, na hata jikoni katika arusi za watu, mpaka tukaona bora tuliandike mara moja. Lakini hatuandiki kwa ujuzi wa sheria. Tunaandika kwa yaliyotupata sisi wenyewe, na baadhi yake tungependa kuyaficha.

Mgeni anayepita, aliyekuja kuzuru jamaa zake kwa miezi miwili mitatu, kwa kawaida huruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao maadamu haijaisha muda wake. Aliyekuja kukaa ni mtu mwingine mbele ya sheria. Tangu alipopanga nyumba na kuanza kazi amekuwa mkaazi, na mkaazi hutakiwa awe na leseni ya jimbo analokaa. Hapo ndipo wengi wetu hukosea, kwa kuwa kwetu leseni ni ya nchi nzima. Mtu akiipata Mombasa ataendesha mpaka Kisumu, na akiipata Tanga ataendesha mpaka Mbeya. Marekani haina leseni ya nchi. Kentucky ina yake, Ohio ina yake, New York ina yake, kila jimbo na afisi zake, mitihani yake na tabia zake.

Yako mataifa machache ambayo leseni za watu wao hubadilishwa bila ya mtihani. Kentucky imepatana hivyo na Ujerumani, na New York humbadilishia Mkanada leseni yake. Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Burundi na Somalia hazimo. Kwa hiyo mtu aliyeendesha lori robo karne na kijana aliyeshika usukani jana huketi katika chumba kimoja cha mtihani, wakaulizwa maswali yale yale.

Sisi tulifika Louisville mwaka 2009. Mmoja wetu alikuwa na leseni ya Kenya ya miaka 14, na kwa leseni hiyo alikuwa amewalisha watoto. Kazi tuliyoipata ilikuwa ya usiku, katika ghala la mizigo upande wa uwanja wa ndege, na wanaoujua mji ule wanajua kwamba basi la saa nane za usiku si jambo la kulitegemea. Tulimlipa jirani fedha za petroli, kisha jirani akahama. Ndipo mtu mmoja, tuliyemjua kwa uso tu, alipotuambia kwamba hakuna haja ya kuhangaika na mitihani ya Kiingereza, kwani iko leseni ya kimataifa inayokubaliwa katika nchi zaidi ya mia, na yeye anao njia ya kuipata. Tulimpa dola 150. Baada ya wiki mbili akatuletea kadi ngumu yenye picha, ramani ya dunia na muhuri wa rangi ya dhahabu. Ilikuwa nzuri kuliko leseni yoyote tuliyopata kuiona, na uzuri wake huo ungetosha kututia shaka.

Ni vyema tueleze hapa jambo ambalo wakati ule hatukulijua. Leseni ya kimataifa ya kweli ipo; imetokana na mkataba uliotiwa sahihi Geneva mwaka 1949. Lakini ile si leseni. Ni tafsiri tu ya leseni ya mtu, imeandikwa kwa lugha kadhaa katika kijitabu cha karatasi, ili askari wa nchi ya ugenini aweze kuisoma. Bila ya leseni yenyewe haina nguvu hata kidogo. Tena hutolewa katika nchi ile ile iliyotoa leseni. Mwenye leseni ya Kenya huichukua Kenya, kabla hajasafiri. Hapa Marekani hakuna mtu wala afisi inayoweza kumtolea Mkenya leseni ya kimataifa kwa leseni yake ya Kenya, na anayesema anaweza, anauza karatasi au plastiki.

Kadi yetu ilidumu miezi minne. Jioni moja tulikuwa sote garini, watoto wawili nyuma, tukafika penye mataa. Kwetu taa nyekundu ni nyekundu. Huku tulikuwa tumeona watu wakikata kulia taa ikiwa nyekundu, tukadhani ndio utaratibu. Hatukujua kwamba ni lazima gari isimame kabisa kwanza, magurudumu yatulie, uangalie, ndipo ukate, tena kama hapana kibao cha kukataza. Sisi tulikata moja kwa moja. Taa za polisi zikawaka nyuma yetu. Basi yule aliyekuwa akiendesha akafanya kama afanyavyo mtu mwenye adabu kwetu: akafungua mlango, akashuka, akaenda kumwamkia askari. Wasomaji wanaoijua nchi hii wameshashika vichwa. Askari alipiga ukelele, mkono wake ukashuka kiunoni, na watoto wakaanza kulia. Adabu yetu ilikaribia kutuangamiza. Huku dereva akisimamishwa hubaki ameketi, mikono juu ya usukani mahali inapoonekana, akangoja kuulizwa.

Askari aliitazama kadi, akaenda nayo garini kwake, akarudi. Akauliza tumeipata wapi. Tukamwambia ukweli. Alituandikia hati ya kwenda mahakamani, gari ikavutwa, na sisi tukarudi kwa miguu, mtoto mmoja mgongoni. Faini, gharama za mahakama na gharama za kuikomboa gari zilipita mara nne ya tulichomlipa yule bwana, naye namba yake ya simu ilikuwa haipokelewi tena.

Tungefurahi kama mambo yangekoma hapo. Mwaka 2015 tulipojaza fomu ya uraia tulikuta swali linalouliza kama mtu amewahi kukamatwa, kuandikiwa hati au kuzuiliwa na askari yeyote. Tulilazimika kurudi mahakamani kutafuta karatasi za mwaka 2009 zenye muhuri. Siku ya mahojiano, ofisa alizisoma kimya, kisha akauliza: "Je, mlijua kwamba kadi hii si ya kweli?" Tulijibu kwamba tulitaka kuamini kuwa ni ya kweli. Alitutazama kitambo kirefu kabla ya kuandika. Uraia tulipewa, alhamdulillah, lakini usiku wa kuamkia siku ile hatukulala, na sababu yake ilikuwa ni dola 150.

Leseni ya haki tuliipata kama waipatavyo wote. Mtihani wa maandishi wa Kentucky una maswali 40, na anayepata 32 amefaulu. Unasimamiwa na polisi wa jimbo. Wakati ule leseni zenyewe zilitolewa na makarani wa mahakama. Kazi hiyo iliondolewa kwao, na tangu mwaka 2022 iko katika afisi za mikoa za idara ya uchukuzi. Maswali hayakututisha. Mikono ndiyo iliyotutisha. Aliyejifunza kuendesha kushoto, na usukani wake uko kulia, huwa amezifundisha mikono na miguu yake mambo ambayo kichwa hakiwezi kuyafuta kwa siku moja. Siku ya mtihani, jua likiwaka, mtahini alisema tukate kulia. Tukashika kijiti cha upande tuliouzoea, na waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Mtahini akacheka. Akasema ameshawaona Waingereza wakifanya vivyo hivyo. Na mzunguko wa barabara, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita kipilefti, huku unazungukwa kwa kulia. Jina lenyewe linakupoteza.

Kwa upande wa mama wa nyumba yetu palikuwa na mambo mawili zaidi. La kwanza ni picha. Aliambiwa na wenzake kwamba atavuliwa mtandio. Haikuwa hivyo, anayefunika kichwa kwa ajili ya dini hupigwa picha naye amejifunika, mradi uso wote uonekane. La pili ni kuketi garini peke yake na mtahini mwanamume asiyemjua. Tulikwenda kuuliza mapema, kwa upole, kama yuko mtahini wa kike, tukaambiwa njooni Alkhamisi. Alkhamisi akawapo. Huenda kwingine asipatikane. Lakini kuuliza si kosa, na hakuna aliyetucheka.

Kisha likatokea jambo ambalo kila tukilikumbuka tunashukuru. Mama huyu alikuwa amefaulu, amefurahi, na karani alikuwa akimuuliza maswali ya mwisho kwa haraka, kama mtu anayesoma orodha: anwani ni hii, ndiyo, urefu ni huu, ndiyo, unataka kutoa viungo vyako ukifa, hapana, unataka kuandikishwa kuwa mpiga kura? Akasema ndiyo. Alidhani anaulizwa kama anataka kuendelea. Karatasi ilitoka katika mashine, kalamu ikawekwa mbele yake, naye alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza ya jina lake tulipoisoma kwa juu ya bega. Ilikuwa inasema: mimi ni raia wa Marekani.

Iko sheria ya mwaka 1993 inayoziamuru afisi za leseni kumpa kila anayeomba leseni nafasi ya kujiandikisha kupiga kura. Ni sheria njema kwa raia. Lakini iko nyingine ya mwaka 1996 inayosema kwamba asiyekuwa raia akijidai uraia kwa uwongo, hufungiwa milango ya uhamiaji, na msamaha wake ni mgumu mno kupatikana. Karani hana ubaya. Anamuuliza kila mtu. Tuliirudisha karatasi, tukaeleza, akaichana mbele yetu. Tunawaomba sana wenye green card, wakimbizi na wenye viza, jibu la swali lile liwe hapana, na kila karatasi isomwe kabla ya kutiwa sahihi, hata foleni ikiwa ndefu na watu nyuma wananung'unika. Kati ya yote tuliyoyaandika mwezi huu, hili ndilo tungetaka likatwe libandikwe ukutani.

Mwaka 2017 kazi ilituhamishia Columbus. Hapo tukaona ajabu. Sheria inamtaka mkaazi mpya abadilishe leseni yake katika siku 30, basi tukaenda na leseni zetu za Kentucky. Tulipimwa macho, tukalipa, tukapigwa picha, tukatoka. Hapakuwa na swali wala mtihani. Miaka 14 ya kuendesha Mombasa, katikati ya matatu, mikokoteni na tuktuk, haikuhesabiwa hata siku moja. Leseni ya Kentucky ilitosha. Hata wakala wa bima huko Louisville alikuwa ameanza kuihesabu miaka yetu ya udereva tangu 2009, akatutoza kama anavyotozwa kijana, mtu ana mvi.

Ila tusidhani kwamba leseni ikibadilishwa, sheria zimebaki zile zile. Kila jimbo lina yake. Chukueni mfano wa basi la skuli la rangi ya manjano. Likisimama na taa zake nyekundu zikimeta, magari yanayolifuata husimama, Kentucky, Ohio na New York pia. Yale yanayokuja kutoka mbele husimama vile vile. Lakini katika barabara ya njia nne au zaidi, Ohio na Kentucky zimewasamehe wanaotoka upande wa pili. New York haikumsamehe mtu, hata kama pana ukingo katikati ya barabara. Aliyehama na asiulize anaweza kuvunja sheria huku akiwa na hakika kwamba anaijua.

Shemeji yetu alikuwa ametutangulia Columbus. Yeye ni mtu wa Uvira, na leseni yake ya Kongo ilipotea Oktoba 1996, vita vilipoingia mji ule, watu wakatoka na walichovaa. Alikaa Nyarugusu miaka mingi akiamini kwamba kwa kukosa karatasi ile amepoteza ushahidi wa kazi yake. Tulipomweleza kwamba hata angekuwa nayo isingemsaidia, alinyamaza, kisha akasema: "Basi mwenye nayo na asiye nayo ni sawasawa. Afadhali." Tena alikuwa na jambo ambalo sisi hatukuwa nalo, kwani Kongo huendesha kulia kama huku, na mikono yake haikumsaliti.

Kilichomsaliti ni vigingi. Mtihani wa maandishi wa Ohio aliupita. Una maswali 40 na hutakiwa robo tatu yake. Lakini Ohio ina mtihani wake wa pekee wa kuichezesha gari kati ya vigingi vitano. Vinne vimefanya kisanduku cha futi 9 kwa futi 20, na cha tano kimesimama mbele katikati, futi 20 zaidi. Unatoka kisandukuni kwenda mbele, unapita kulia au kushoto ya kigingi kile kama ulivyoamrishwa, unanyoosha gari, unasimama. Kisha unarudi kinyumenyume njia ile ile mpaka ndani ya kisanduku. Shemeji alikuwa dereva wa kupakia samaki na mafuta ya mawese katika njia zisizo njia. Hakupata kuendesha mahali palipopimwa kwa futi. Alikigonga kigingi cha nyuma. Na Ohio mtu mzima anayeshindwa mara ya kwanza hutakiwa kupitia mafunzo mafupi ya udereva kabla ya kurudia. Alilipia mafunzo, akapoteza siku za kazi, na jioni alikuwa akiazima ndoo za binti zake, akizipanga nyuma ya fleti kwa kupima na kamba. Watoto wa mtaa mzima walijua ule mchezo. Mara ya pili hakugusa kitu.

Wenzetu wa Ohio wajue pia kwamba tangu Aprili 2023 leseni ya asiyekuwa raia huandikwa juu yake kwamba si raia. Baadhi yetu hawakulipenda, na sisi hatuwalaumu. Aliyepata uraia aende akabadilishe.

Sasa tufike Buffalo, na hapa tunaandika kwa uzito.

Ami yetu aliendesha malori kutoka Mombasa hadi Kampala kwa miaka 26. Alijua kila mteremko baina ya Mariakani na Malaba, na alijua ni wapi Mtito Andei panapikwa chai isiyochacha. Leseni yake ilikuwa kile kijitabu chekundu cha Kenya cha zamani, ambacho kurasa zake zilijaa mihuri na vibandiko vya kulipiwa upya, mwaka juu ya mwaka, hata jalada likawa limeshonwa kwa uzi. Alifika Buffalo mwaka 2013, akifuata watoto, pamoja na mkewe mwenye maradhi ya sukari.

New York humtaka mwenye leseni ya kigeni aliyekuwa mkaazi afanye mtihani wa maandishi, ahudhurie darasa la saa tano, na afanye mtihani wa barabarani. Mtihani wa maandishi ni maswali 20, na 14 yatosha, mradi katika manne ya alama za barabarani apate mawili. Ami hakuyaogopa hayo. Aliogopa sharti la mwisho: anayefaulu humkabidhi mtahini leseni yake ya kigeni. Afisi huiweka siku 60, kisha huiharibu, isipokuwa mwenyewe ameomba isiharibiwe.

Ami alikataa. Alisema: "Wanangu, mimi sikuja na shahada. Sikuja na shamba wala nyumba. Nimekuja na hiki." Yuko kijana aliyemshauri aseme kwamba hakuwahi kuwa na leseni popote, kwani nani atajua? Swali liko katika fomu, nafasi ya kujibu ni ndogo, na Kenya iko mbali. Ami alimuuliza kama anataka aseme miaka 26 hakuwa akifanya kazi. Basi akabaki nyumbani, hana leseni, akingoja kupelekwa na watu.

Msimu wa baridi wa 2014 kuingia 2015 wanaukumbuka wote waliokuwako. Mkewe alikuwa na miadi ya hospitali, ya sukari na ya macho, na safari ilikuwa ya mabasi mawili. Februari, wakiwa kituoni, theluji imegeuka barafu, yule mama aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Ami alimnyanyua mwenyewe. Usiku alitupigia simu Louisville, hakusema mengi. Alisema: "Nitakwenda kufanya huo mtihani wao."

Darasa la saa tano aliketi na watoto wa miaka 17. Mwalimu alimuuliza ana uzoefu wa muda gani. Alipojibu, darasa zima liligeuka kumtazama, na mmoja akauliza kwa nini basi yuko pale. Aprili alifanya mtihani wa barabarani akashindwa. New York hesabu yake ni ya makosa, na ukipita alama 30 umeanguka. Ami aliendesha vizuri, lakini alishika katikati ya barabara pana kama dereva wa lori anayeogopa ukingo, na penye kibao cha kusimama alipunguza mwendo bila ya kutulia kabisa. Ada aliyolipa ilikuwa na majaribio mawili. Katikati ya majaribio hayo mawili alikuja Louisville kutuona, na siku ile tukamwomba kijitabu tukitoe nakala. Tulikitoa katika mashine ile ile iliyokuwa ikichapa jarida hili wakati ule, kurasa zote, pamoja na jalada, na nyingine zilitoka nyeusi kwa sababu ya mihuri.

Mwishoni mwa Mei alifaulu. Akatoa kijitabu mfukoni, akampa mtahini kwa mikono miwili. Jioni alitupigia simu, akatuagiza jambo moja: tuiandikie afisi barua kwa Kiingereza kizuri, isemwe kwamba mzee anaomba leseni yake isiharibiwe. Watoto wake walikuwa na shughuli zao, na sisi ndio tuliosifiwa kwa kuandika. Tukasema inshaallah.

Juni ikaja na Ramadhani. Tulifanya kazi usiku na kufunga mchana wa saa kumi na tano. Tukasema tutaandika baada ya Idi. Idi ilikuwa katikati ya Julai, na baada ya Idi palikuwa na arusi, na baada ya arusi mtoto aliugua. Barua tuliiandika wiki ya kwanza ya Agosti. Ilikuwa barua nzuri. Jibu lilikuja kwamba siku 60 zilikuwa zimekwisha na leseni haipo tena.

Tulimwambia Ami kwa simu, kwa sababu hatukuwa na uso wa kumwambia ana kwa ana. Alinyamaza, kisha akauliza habari ya yule mtoto, kama amepona homa.

Tangu Desemba 2019 sheria ya New York imebadilika katika jambo jengine: leseni ya kawaida hupewa mkaazi bila ya kuulizwa hali yake ya uhamiaji, na leseni ya kigeni yenye picha ni mojawapo ya hati zinazoweza kuonyeshwa kuwa ushahidi wa mtu ni nani. Kwa hiyo wanaofika sasa wasizitupe zile za kwetu, hata kama hazitawaendeshea gari. Na anayefanya mtihani Buffalo aiombe afisi isiiharibu leseni yake siku ile ile anayoikabidhi, yeye mwenyewe, asimwachie mtu.

Ami bado anaendesha. Shawwal iliyopita tulikwenda kuwazuru, akaja kutupokea kituo cha basi na gari yake ya kijivu, mkewe yuko mbele, theluji ya mwisho bado imelala pembeni mwa barabara. Alitaka tuitoe karatasi ya bima katika kisanduku cha mbele ya gari atuonyeshe bei mpya waliyomwandikia. Tulipofungua tukaziona zile nakala, zimekunjwa mara mbili, zimetiwa katika mfuko wa plastiki. Hatukusema kitu. Tulimpa karatasi ya bima, naye akaanza kutueleza bei.